Nani Kasema Korongo wa Rukwa ni Mali ya Ulaya?

Waungwana, nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimerudi na nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna sentensi moja imenichosha. Kila ikifika mwezi wa kumi na moja utaisikia redioni, utaisoma magazetini, hata mwalimu wa jiografia ataisema mbele ya darasa la watoto sabini: "Ndege wa Ulaya wamekuja Afrika kukimbia baridi." Ikifika mwezi huu wa tatu, kule kaskazini theluji inayeyuka na majani yanaanza kuchipua, tunaambiwa "sasa wanarudi kwao."

Kwao wapi?

Hebu tupige hesabu ndogo, haihitaji shahada. Chukua korongo mweupe, yule mkubwa mwenye mbawa zilizopakwa weusi nyuma, domo jekundu na miguu mirefu myekundu. Wale wanaotumia njia ya mashariki, yaani Bosporasi, Israeli, Sinai, bonde la Mto Nile, Sudan mpaka huku kwetu, hufika Ujerumani na Poland mwishoni mwa mwezi wa tatu au mwezi wa nne. Wanajenga, wanataga, wanalea. Mwezi wa nane wanaondoka. Ni kama miezi mitano tu. Miezi saba iliyobaki wako njiani au wako Afrika. Kuna vitwitwi wa aina kadhaa ambao kule kaskazini wanakaa miezi miwili, mitatu, wakimaliza kuzaa tu wamefungasha.

Sasa mtu anayekaa kwako miezi mingi kuliko anavyokaa kwingine, anayekula shambani kwako, anayebadilisha manyoya kwenye dimbwi lako, utamwita mgeni kwa sababu alizaliwa kwingine? Kwa hesabu hiyo nusu ya wakazi wa Dar es Salaam ni wageni, waondoke kesho asubuhi na mabasi ya Ubungo... samahani, siku hizi ni Mbezi.

Na wala si wote wanatoka Ulaya. Yupo korongo mwingine mdogo kidogo, mweusi mwenye tumbo jeupe. Huyu anazaliana Sahel, Sudan na Chad na Niger huko, wakati wa mvua za kule. Mvua zikikata anashuka kutufuata sisi na mvua zetu. Mwafrika kwa Mwafrika. Lakini wangapi wetu tunajua kwamba kundi la korongo tunaloliona kwenye nyasi za Laela linaweza kuwa limetoka Darfur na si Berlin? Tumefundishwa kwamba kila chenye thamani kinachosafiri kimetoka Ulaya. Hata ndege!

Kwa wasiofika huku niwape ramani. Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Ufipa. Ni nyasi, upepo, mahindi, na baridi ya mwezi wa sita ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka waje. Juu ya mji kuna misitu ya Mbizi, vipande vilivyobaki tu. Ukitoka Ntendo ukashuka kwenda Muze, barabara inapinda ukutani mwa bonde la ufa, masikio yanaziba, na ukifika chini umepoteza kama mita 1,000 za kimo na umepata joto la kukukausha koo. Mbele yako ni Ziwa Rukwa. Ziwa pana, la kina kifupi mno, lenye magadi, na ambalo halina mlango wa kutokea. Mto Momba unaingia, Songwe unaingia, Lupa unaingia, Kavuu na Rungwa wanaleta ya kwao kutoka kaskazini. Hakuna mto unaotoka. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kwa sababu halina pa kutokea, ziwa hili linapanuka na kusinyaa kama mapafu. Mwaka mmoja maji yako hapa, miaka mingine yamerudi nyuma kilomita kadhaa. Pori la Akiba la Uwanda sehemu yake kubwa ilimezwa na maji. Usumbufu huo kwa binadamu ni karamu kwa ndege. Maji yakirudi nyuma yanaacha matope, matope yanajaa wadudu na konokono, na hapo ndipo vitwitwi, yangeyange, bata maji, mwari na korongo wanapokuja kukusanyika. Wataalamu wanaotunga orodha za dunia za maeneo muhimu kwa ndege waliliingiza Ziwa Rukwa zamani. Sisi wenyewe tunalijua kwa nini?

Tunalijua kwa uchawi. Ukisema "natoka Sumbawanga" pale chuo kikuu, mtu anasogeza kiti. Stori za ungo, stori za radi, stori za mtu aliyelala kitandani akaamkia mtoni. Tulizichekea, na sisi wenyewe wa huku wakati mwingine tulizitumia kuwatisha waliotukopa hela. Halafu mwaka 2016 tukajulikana kwa siku tatu hivi kwa sababu ya gesi ya heliamu, pale watafiti wa Oxford na Durham na kampuni ya Helium One walipotangaza kwamba bonde hili lina akiba kubwa ya gesi hiyo. Vichwa vya habari dunia nzima. Uchawi na heliamu, basi! Ndege waliokuwa wakipita juu ya vichwa vyetu kabla ya Sumbawanga kuwa na jina hawakuwahi kupewa hata nusu ukurasa.

Nikijibu kama mwandishi nasema hivi: ndege wahamao waliwahi kupata ukurasa wa mbele, mwaka 2006. Ilikuwa mafua ya ndege. Virusi vilipogundulika Nigeria mwezi wa pili mwaka ule kwenye shamba la kuku, vyombo vya habari vya bara zima viligeuka kumtazama ndege wa porini kama gaidi. Kuku wa kibiashara wanaosafirishwa kwa magari na ndege za mizigo kuvuka mipaka hawakusemwa sana. Kwamba kesi ya kwanza ilitoka bandani na si ziwani, nani alijali? Korongo hawezi kumshtaki mhariri.

Na siku hizi je? Mwezi uliopita nilipeleka pendekezo la makala ya ukurasa mmoja kuhusu ndege wa Rukwa. Jibu nililopewa na mkubwa mmoja, ambaye simtaji: "Kijana, ndege wananunua gazeti?" Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, ni kweli inachekesha. Lakini tembo hawanunui gazeti. Simba hawanunui. Wachezaji wa Arsenal hawanunui gazeti letu na kila Jumatatu tunawapa kurasa mbili.

Turudi kwenye suala la nani alijua nini.

Wazungu wa kale hawakujua hawa ndege wanakwenda wapi. Aristotle, baba wa elimu yao, aliandika kwamba wapo ndege wanaojificha mashimoni na kulala msimu wote wa baridi. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu huzama chini ya ziwa wakalala kwenye tope. Mpaka mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, akapigwa korongo mmoja mweupe aliyekuwa na mkuki shingoni. Mkuki mzima, karibu sentimeta 80, umepita shingoni na ndege ameruka nao hivyohivyo! Wasomi wakaukagua: mti wa Afrika, kazi ya mkono wa Mwafrika. Yule korongo alikaushwa na yupo hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock. Wajerumani wana neno maalumu kwa korongo wa namna hiyo, maana baada ya yule waliandikishwa wengine, jumla kama 25.

Tafakari hapo. Ushahidi uliowafanya Ulaya waamini kwamba korongo wanakwenda Afrika ulirushwa na Mwafrika. Mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote, aliyekuwa anatafuta kitoweo, aliweka alama kwenye ndege miaka 77 kabla ya mwalimu wa shule wa Denmark, Mortensen, kuanza kuwavika ndege pete zenye namba mwaka 1899. (Sisemi mkuki ule ulitoka Ufipa, ingawa babu zetu walikuwa wafua chuma wa kuheshimika, na tanuri zao ndefu bado zimesimama vijijini. Msinichokoze.)

Yule mrusha mkuki alijua korongo anakuja lini na anatua wapi. Ndiyo maana alimpata. Maarifa yale yalikuwepo. Kilichofuata ni kwamba wao waliandika na sisi hatukuandika, na anayeandika ndiye anayeitwa mwenye ndege.

Hata hapa kwetu, aliyeandika ni nani? Mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka. Sababu ilikuwa balaa la nzige lililoanza mwaka 1930 likatafuna kusini yote ya bara hili kwa zaidi ya miaka kumi, na wataalamu waligundua kwamba nzige hawa wana vitalu vichache vya kuzaliana: Mweru Wantipa ni kimoja, Bonde la Rukwa ni kingine. Katika watafiti wake alikuwepo Desmond Vesey-FitzGerald, aliyelitembea bonde hili kwa miguu, akaandika majani yake na ndege wake, na mwaka 1955 akachapisha makala juu ya ndege kama walaji wa nzige wekundu. Mwaka 1955! Yaani uhusiano kati ya korongo na nzige wa Rukwa uko kwenye maandishi kabla ya Uhuru. Nenda leo umuulize mhitimu wa kilimo kama amewahi kusikia.

Hapa ndipo najua kuna mtu ananisubiri na lile swali la siku zote. "Wewe bwana, watu hawana maji safi, zahanati hazina dawa, na wewe unatuletea mambo ya korongo. Hiyo ni starehe ya Wazungu wenye darubini na kofia."

Sawa. Ngoja nikujibu kwa lugha ya tumbo.

Mkoa wa Rukwa ni ghala la mahindi la nchi hii. Adui wa mahindi huku ni viwavijeshi. Wakiingia, shamba lililokuwa kijani Jumatatu linakuwa vijiti Ijumaa. Korongo, wa Ulaya kwa Sahel, wanafuata viwavijeshi na nzige kama vile daladala zinavyofuata abiria. Kule Afrika Kusini makaburu walimpa korongo jina la ndege wa nzige, nao hawakuwa washairi, walikuwa wakulima. Mkulima wa Ufipa anayeweka mboji kwenye matuta yake ya duara, intumba, hana hela ya dawa ya kunyunyiza mara tatu. Anayo jeshi la bure linalotembea kwa miguu myekundu katikati ya mistari ya mahindi, halidai posho wala halisaini semina.

Mwaka 2009 nzige wekundu walianza kujaa tena. FAO na shirika la nzige lenye makao yake Ndola waliingia Tanzania na ndege za kunyunyiza, wakafanya kazi tambarare za Iku kule Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Walitumia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu anayeua nzige na kuwaacha viumbe wengine. Nawapongeza kwa dhati, maana ndege anayekula nzige mwenye kuvu hafi. Na inasemwa hivyohivyo katika ripoti zao: dawa ile ilichaguliwa kwa kuwa maeneo yale yana maji na wanyama. Kwa hiyo inawezekana! Basi kwa nini kwa kwelea kwelea nchi hii imeendelea kutegemea fenthion, sumu ambayo inajulikana huua ndege wengine wasiohusika na wale wanaokula mizoga yao?

Na tusijidanganye kwamba wauaji ni serikali tu. Kenya, mashamba ya mpunga ya Bunyala, kuanzia mwaka 2009 mtafiti Martin Odino alianza kuandika jinsi watu walivyotega ndege kwa Furadan, sumu ya wadudu. Wanawafunga ndege hai kama chambo, wanatandaza konokono wenye sumu, korongo domowazi wanashuka kwa mamia, wanakufa, halafu wanauzwa kama nyama. Watu wanakula. Sumu ya wadudu, jamani, kwenye sufuria. Bunyala ina mpunga na korongo. Bonde la Rukwa nalo lina mpunga na korongo. Mwenye masikio asikie.

Sasa lile nililosema nitarudia. Ziwa halina mlango wa kutokea. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanaosha dhahabu kwa zebaki, na maji ya Lupa yanakuja Rukwa. Udongo wa Ufipa unaoshuka kila mvua kwa sababu miteremko imevuliwa nguo, unakuja Rukwa. Dawa za mashambani, zinakuja Rukwa. Kwenye ziwa lenye mto unaotoka, uchafu wako unakuwa tatizo la jirani. Kwenye Rukwa uchafu wako unakungoja. Na wa kwanza kuuonja ni yule anayekula konokono na samaki wadogo kutwa nzima: ndege wa majini. Wakipungua ghafla, maana yake kuna kitu ndani ya samaki anayeuzwa soko la Sumbawanga mjini. Lakini utajuaje wamepungua kama hukuwahi kuwahesabu?

Kwenye karatasi tuko vizuri, kama kawaida yetu. Mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia ulipoanza kufanya kazi mwaka 1999 Tanzania ilikuwamo. Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tumo tangu mwaka 2000, na tuna maeneo manne yaliyoandikishwa: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Rukwa haimo. Natron mwaka 2006 walipotaka kuweka kiwanda cha magadi kelele zilisikika mpaka London, kwa sababu pale kuna heroe, na heroe ni waridi, wanapendeza kwenye picha, na Arusha kuna hoteli. Nafurahi zile kelele zilipigwa. Lakini Rukwa, ambako mwari walijenga makoloni makubwa ya kuzalia, nani atapiga kelele? Hakuna hoteli, kwa hiyo hakuna ndege. Hiyo ndiyo hesabu yetu: kitu kipo pale tu mtalii anapokilipia.

Kichekesho kingine. Dunia ina Siku ya Ndege Wahamao, na mwaka 2006 ilizinduliwa papa hapa Afrika Mashariki, Laikipia, Kenya. Leo inaadhimishwa mara mbili, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano na Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Mwezi wa tano! Mwezi wa tano korongo wa Rukwa yuko juu ya bomba la moshi la mtu kule Poland anakalia mayai. Sisi tunaalikwa kuadhimisha kiota cha mwenzetu. Tukiwa na akili ya kwetu, siku yetu ingekuwa mwezi huu wa tatu, pale wanapokusanyika. Asubuhi jua likipanda, hewa ya moto inaanza kunyanyuka kutoka bondeni, nao wanaingia ndani yake mmoja mmoja, wanazunguka bila kupiga bawa, wanapanda, wanapanda mpaka wanakuwa vumbi. Ukiwa umesimama ukingoni mwa ufa, kuna dakika chache ambapo wanapita usawa wa macho yako. Hakuna kiingilio.

Niliwatazama Jumamosi iliyopita pamoja na mzee mmoja mchunga ng'ombe wa kule chini. Nilimwamkia, akaniuliza naangalia nini, nikamwambia nahesabu korongo. Hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, hao wakianza kuzunguka hivyo mvua imebaki wiki chache, mimi nashusha ng'ombe majini." Kalenda nzima ya malisho, kwa sentensi moja. Haimo kwenye mtaala wowote.

Kwa wenzangu waandishi wanaosema hatuwezi kufanya lolote: mwaka 2012 kule Nagaland, India, wanakijiji waliokaa kando ya bwawa la Doyang walikuwa wanatega kwa nyavu vipanga wa Amur, ndege wanaotoka China na Siberia na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki na kusini. Makadirio yalikuwa zaidi ya laki moja kwa msimu. Mmoja wa waliofichua alikuwa mwandishi wa televisheni, Bano Haralu. Aliandika, akarudi, akakaa na wanakijiji, makanisa yakaingia, halmashauri za vijiji zikaamua. Mwaka uliofuata, 2013, hakuuawa hata mmoja. Mwaka mmoja! Na wale ndege waliopona walikuja kula kumbikumbi wetu.

Kwa hiyo wadau mlioko Laela, Muze, Ilemba, Kirando, Matai na hata mlioko Mbala upande wa pili: wameanza kuondoka, na wataendelea mpaka katikati ya mwezi wa nne. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Andika tarehe, andika mahali, andika wangapi, andika walikuwa wanaelekea wapi na wanakula nini. Simu ikiwa na kamera nzuri piga picha ya miguu, baadhi wana pete zenye namba na namba hiyo inasomeka ndege akiwa hai. Msimuue ili msome. Picha zitumwe kwenye anwani yangu ile ile. Mimi nashuka tena Muze Jumamosi hii, basi la alfajiri, nafasi moja ya pembeni yangu iko wazi.